Foleni ya Ndoo kwa Bi Mwajabu

Jumamosi ya kwanza ya mafunzo, saa nne asubuhi, Twaha alikuwa juu ya stuli akibandika trei za mayai ukutani kwa gundi. Chumba hicho cha Temeke kilikuwa na mashine ya kusaga mahindi kabla hakijawa studio, na unga ulikuwa bado umekwama kwenye nyufa za sakafu. Trei zilikuwa za kuzuia mwangwi. Zilipoisha, Twaha aliteremka, akapiga kofi moja katikati ya chumba, akasikiliza, akasema, "Freshi. Tunaweza kuanza."

Vijana walikuwa wanane. Wote walikuwa watoto wa watu waliotoka kwingine: Burundi, Kongo, Ngazija, ng'ambo ya Ruvuma. Wengine walizaliwa hapo hapo Temeke, wengine walifika wakiwa na akili zao. Dada Salma, mwenye studio, ambaye ukoo wake ulikuwa Kinondoni tangu Kinondoni haijawa na barabara, aliwakusanya ili wasimulie maisha yao mbele ya kamera na maiki, na mwezi wa tisa kazi zao zioneshwe kwa wageni. Alikuwa mtu mpole. Aliwaletea chai na maandazi, na kabla ya saa tano alikuwa ameshalijua jina la kila mmoja.

"Simulia kama unamsimulia shoga yako," aliwaambia. "Ukifika pale panapouma, usikimbie. Kaa hapo hapo."

Wa kwanza alikuwa Jonas, aliyezaliwa Temeke na wazazi Warundi. Alisimulia jinsi nyumba ya babu yake ilivyochomwa moto, kama alivyosimuliwa na mama yake. Alipomaliza palikuwa na majivu mezani, ya kujaza viganja viwili. Twaha aliyazoa kwa kipande cha boksi, akapangusa maiki kwa kitambaa, akamwita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa Filomena, msichana wa miaka kumi na minane kutoka Chanika. Baba yake, Albano, alikuwa mchonga vinyago. Mama yake, Margareta, alikaanga mihogo na kuiuza kando ya barabara. Walikuwa Wamakonde wa upande wa pili wa mto Ruvuma, na miaka mitano nyuma walikuwa wameukimbia upande huo kwa miguu, pamoja na majirani zao, vita vilipofika kijijini.

Filomena alikaa, akaisogelea maiki, akasimulia. Alisema walikuwa watu kama ishirini. Kulikuwa na mtu mmoja anayejua mto unapokuwa na kina kifupi, naye ndiye aliyetangulia. Baba alibeba mfuko wa patasi na tezo zake kichwani. Mama alikuwa mbele na mzigo wa nguo na sufuria. Yeye, Filomena, alimshika mkono mdogo wake, Flaviana, aliyekuwa na miaka sita. Katikati ya mto maji yalimfika kifuani.

"Kwa Flaviana yalikuwa ya shingo," alisema. "Nilimshika hivi. Halafu mkono wake ukaniponyoka."

Alipotamka neno hilo, maji yalianza kutoka kwenye spika kubwa ya pembeni. Yalitoka taratibu kwanza, halafu kwa nguvu ya bomba lililofunguliwa nusu, yakatambaa sakafuni na kuufuata unga kwenye nyufa. Twaha aliinua ekstensheni ya umeme akaiweka juu ya stuli. Jonas na wenzake walipandisha miguu kwenye viti. Filomena aliendelea mpaka mwisho, kwa kuwa aliambiwa asikimbie, na alipofunga mdomo maji yalikoma.

"Sauti imetoka vizuri?" Salma aliuliza.

"Imetoka poa, sista," alisema Twaha. "Ishu ilikuwa umeme tu. Maji hayana ishu."

Walikausha kwa fagio na matambara. Chini ya meza walimkuta perege mmoja, mdogo kama kidole, anarukaruka. Salma alimtia kwenye glasi, akampiga picha.

Wiki iliyofuata iligundulika kwamba kurekodi hakusaidii. Salma alipowapigia wafadhili wake ile sauti, spika ililowa kidogo kwenye kitambaa chake cha mbele na basi. Maji yalikuja pale tu Filomena aliposimulia mwenyewe, kwa mdomo wake, na watu wakiwa wamekaa wanamsikiliza. Salma aliuchukulia huo kuwa ni ugumu wa kiufundi. Alimwomba asimulie tena Jumamosi, na Jumamosi nyingine, ili Twaha apate pembe nzuri za kamera. Jonas naye alisimulia tena, lakini majivu hayakuwa na mvuto kwenye picha.

Huko Chanika bomba lilikuwa halijatoa maji tangu Februari. Visima vilikuwa na maji ya chumvi, yasiyoivisha maharage wala kutoa povu la sabuni, na boza la maji lilikuja linapojisikia. Kwa hiyo Filomena alianza kwenda Temeke na dumu tupu na kurudi nalo limejaa. Jioni moja Bi Mwajabu, mjumbe wa eneo lao, alimkuta njiani amepumzika na dumu lake, akaomba kunywa. Alikuwa mama mnene wa Kizaramo, mwenye uwanja mpana na miti miwili ya mwarobaini.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu." Alikunywa, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Haya maji matamu. Umeyatoa wapi?"

Filomena alimweleza. Bi Mwajabu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma pale penye mtoto, kisha akauliza kama ni lazima yatoke Temeke.

Si lazima. Jumatano iliyofuata Filomena alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini. Mbele yake waliweka spika ya kukodi, ile inayotumika kwenye ngoma za vigodoro, na chini ya spika beseni kubwa la kufulia. Majirani walipanga ndoo zao kwa foleni. Alisimulia, na maji yakatoka, na ndoo ishirini na sita zikajaa. Wanawake wawili walilia. Mwanamume mmoja, fundi viatu, aliondoka na ndoo yake, akarudi kuleta ya pili.

Ikawa kila Jumatano na kila Ijumaa baada ya sala. Bi Mwajabu alisimamia foleni kwa haki. Hakuna aliyeruka mwenzake. Wiki ya tatu watu walikuwa wameshaijua hadithi yote. Filomena alipoanza kueleza jinsi walivyolala porini siku mbili kabla ya kuufikia mto, mama mmoja wa nyuma alipaza sauti.

"Rukia hapo mtoni, mwanangu. Mie nimeacha uji jikoni."

Filomena akarukia mtoni.

Wiki ya tano maji yalipungua. Yalitoka mekundu, yenye tope, na nusu ya foleni ikarudi nyumbani na ndoo kavu. Watu hawakumlaumu. Walisema ni kawaida, hata kisima ukikichota sana hukauka. Lakini fundi viatu alisema tatizo ni kwamba binti anasimulia kama anayesoma tangazo. Uchungu umemwishia, inabidi urudishwe. Ndipo Bi Mwajabu akamleta mjukuu wake, Mauwa, mwenye miaka sita, aliyevishwa gauni la njano kwa sababu Filomena aliwahi kusema siku ile mdogo wake alivaa la njano. Mauwa alisimamishwa mbele ya kiti. Alielekezwa amshike Filomena mkono, na likifika lile neno auchomoe kwa nguvu.

Maji ya siku hiyo yalijaza ndoo zote na mapipa mawili. Yalikuwa meupe kama ya chupa. Mauwa alipewa biskuti, na tangu hapo akawa anakuja mwenyewe hata kabla ya kuitwa.

Filomena naye alikuwa na lake. Dada Salma alimpatia nafasi kwenye chuo cha kuhariri filamu, masomo yanaanza Oktoba, ada imelipwa. Kilichokosekana ni kitambulisho. Ofisi ilitaka barua ya kumtambua mkazi, na barua hiyo ilianza kwa mjumbe. Alikuwa ameiomba tangu Januari.

"Barua ipo," Bi Mwajabu alimwambia kila alipouliza. "Imeshaandikwa hii hapa. Mhuri tu ndio sina leo." Na siku moja, akimsaidia kukunja khanga iliyolowa, alimwambia kwa upole zaidi, "Mwanangu, ukipata kitambulisho si utahama? Vijana mkipataga vitambulisho mnahama. Sie tutabaki na chumvi yetu."

Nyumbani maji ya mto yalikuwa kwenye mtungi, yamefunikwa kwa sahani. Margareta aliyanywa asubuhi na jioni. Albano hakuyagusa. Alikunywa ya kisima, na chumvi ilimpasua midomo, na alikaa nyuma ya nyumba akichonga mpingo bila kuinua kichwa. Filomena alipotoka kwa Bi Mwajabu sauti ikiwa imemkauka, Margareta alimwita jikoni, akampa kikombe.

"Usijione mkosaji," alimwambia mara nyingi. "Mkono wa mtoto ni mdogo, tena umelowa. Hata mimi ungeniponyoka. Mimi nikiyanywa haya najiona kama nimembusu."

Filomena alipokea kikombe kwa mikono miwili na hakunywa mpaka mama yake alipotazama pembeni.

Mwezi wa tisa ukafika. Onesho lilifanyika mchana, studio ikiwa imepakwa rangi mpya na viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Walikuja wageni wa mashirika, waandishi wa habari, wazazi wa vijana, na Bi Mwajabu na majirani kumi waliobeba madumu endapo yangebaki maji ya ziada. Salma alikuwa ametengeneza tanki la kioo lenye urefu wa mtu mzima, lenye taa ndani, na spika imefungwa juu yake, ili maji yaonekane yakipanda. Picha ya Filomena ilikuwa kwenye bango mlangoni, macho yamelowa.

Jonas alisimulia, majivu yakaanguka kwenye sahani nyeusi, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja zamu ya Filomena.

Alisimulia kijiji. Alisimulia na zile siku mbili za porini, kwa kuwa hapa hakuna aliyemwambia aruke. Alipofika katikati ya mto alimwona mama yake kwenye mstari wa mbele, ameshika mkoba mapajani, anatikisa kichwa polepole kama anavyofanya jikoni anapompa kikombe. Pembeni yake alikuwa Albano, anatazama viatu vyake. Filomena alinyamaza. Twaha, akidhani amesahau, alimnong'oneza kutoka nyuma ya kamera, "Mkono, sista. Mkono ukaponyoka."

"Haukuponyoka," alisema Filomena.

Akaeleza. Flaviana alikuwa analia. Nyuma yao ukingoni kulikuwa na watu wenye bunduki, na sauti inasafiri juu ya maji. Yule aliyetangulia alirudi nyuma akasema mtoto huyo atawamaliza wote. Mama alikuwa ameshafika mbali na mzigo wake, hakusikia. Baba aligeuka. Alisema, "Mwachie."

"Alikuwa amenishika kwa nguvu," alisema Filomena. "Hakutaka kutoka. Vidole vyake nilivifungua mwenyewe, kimoja kimoja. Alinyamaza alipoona navifungua. Nadhani alidhani nataka kumshika vizuri."

Spika haikutoa kitu. Watu walilitazama tanki, kisha spika juu yake, kisha tena tanki. Taa iliwaka ndani ya kioo kikavu. Mgeni mmoja alikohoa. Bi Mwajabu aliinama akaliangalia dumu lake kama ndilo lenye kosa.

Mlango wa studio ukafunguliwa, akaingia Flaviana.

Alikuwa na gauni la njano lililomganda mwilini na mchanga kwenye nywele. Alikuwa bado na miaka sita. Msichana wa mapokezi alimsimamisha, akamwuliza jina, akalitafuta kwenye orodha ya waalikwa. Hakuliona, akaliandika chini kabisa kwa kalamu. Flaviana alipita katikati ya viti akiacha nyayo za maji, akafika mstari wa mbele. Margareta aliutoa mkoba mapajani, akauweka chini, akampakata.

Salma alitangaza mapumziko ya chai.

Kwenye chai wageni walisema kazi ilikuwa nzuri, ingawa waliahidiwa maji. Salma aliomba radhi, akasema ni majaribio, vitu vya moja kwa moja vina changamoto zake. Baadaye, Twaha alipokuwa anahariri, Salma alimwambia akikate kile kipande cha mwisho. "Hakina picha," alisema. "Msichana anaongea tu." Twaha alimwuliza kuhusu mtoto aliyeingia. Salma alikitazama tena, akasema mtoto amepita mbele ya kamera na ametia giza.

Nyumbani Flaviana alikula ugali sahani tatu. Ukimgusa alikuwa wa baridi, na popote alipokaa mkeka ulibaki na alama ya maji, lakini alikula kama watoto wote.

"Tumeshavuka?" aliuliza.

"Tumeshavuka," Margareta alimjibu.

"Wote?"

"Kula, mama."

Albano alisimama mlangoni, akamtazama mtoto tangu utosini hadi miguuni, kama anavyotazama gogo kabla ya kuligusa. Kisha akatoka nyuma akaendelea kuchonga. Tangu siku hiyo Margareta hakumwita tena Baba Filo. Alimwita Albano, kama watu wasiomjua, na alimwekea chakula chake nje.

Jumatano Filomena alikaa kwenye kiti chake chini ya mwarobaini. Foleni ilikuwa imefika hadi barabarani. Alisimulia kwa namna ya zamani, mkono ukaponyoka, Mauwa akauchomoa wa kwake. Flaviana alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha Bi Mwajabu anatafuna mhogo. Halikutoka hata tone. Alisimulia mara ya pili. Mauwa alivuta kwa nguvu hadi akaanguka kwa matako, na beseni likabaki kavu.

"Si ajabu," alisema fundi viatu. "Mwenyewe yupo pale anakula. Nani atalia?"

Ijumaa ikawa vilevile. Wiki iliyofuata watu walirudi kwenye kisima, na chumvi ikarudi kwenye uji. Watoto wawili waliharisha. Hakuna aliyekuja kugomba nyumbani kwa Albano. Walisalimia kama kawaida. Ila mihogo ya Margareta ilikaa kwenye sinia mpaka ikapoa na kurudi nyumbani, na kesho yake tena.

Bi Mwajabu aliitisha kikao uwanjani kwake, saa kumi alasiri. Alizungumza bila ukali. Alisema yeye kama mjumbe anawatambua watu watatu wa nyumba ile, amekaa nao miaka mitano, hawana ugomvi na mtu. Watatu hao yuko tayari kuwaandikia. Huyu wa nne amekuja jana juzi. Hana cheti cha kuzaliwa, hana kadi ya kliniki, na umri wake haulingani na maelezo. Kwa hesabu ya kawaida alipaswa kuwa na miaka kumi na moja. Akiulizwa ameingiaje nchini, atasema nini?

"Nimwandike huyu, wataniuliza na hao watatu," alisema. "Nyie wenyewe mnajua huyu mtoto ni wa wapi. Ni wa mtoni. Akirudi alikotoka, barua inatoka siku hiyo hiyo. Mhuri nimeshaupata."

"Ni mtoto wangu," alisema Margareta.

"Najua, mama. Sote tuna watoto." Bi Mwajabu alionesha kwa mkono wake watu waliokaa, na ndoo zao. "Tena wako ulishamlilia. Wa kwetu ndio kwanza wanaharisha."

Margareta aliondoka kikaoni, akamfunga Flaviana mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga, akapiga mafundo mawili kifuani. Alipika akiwa naye, akamenya mihogo akiwa naye. Mgongo wake ulilowa, akaanza kukohoa. Siku ya tatu Albano aliingia ndani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu onesho, akakaa kwenye kigoda mbele ya Filomena.

"Chuo kinafunguliwa lini?"

"Baada ya wiki mbili, baba."

"Mimi nitampeleka. Nauli ninayo." Alikuwa na vumbi jeusi la mpingo kwenye kope. "Mara ya kwanza ndiyo ngumu," alisema.

Akasubiri Filomena aseme kitu. Filomena alitazama mlango wa jikoni. Alimsikia mama yake anakohoa, na Flaviana anacheka kwa kile kikohozi, kwa kuwa kilimtikisa. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe alikuwa nalo mdomoni. Aliwaza kile chumba cha kuhariria alichooneshwa na Salma, chenye kompyuta zilizopangwa kwa mistari na feni inayozunguka. Albano alisubiri kidogo zaidi, kisha akainuka, akaenda kutafuta begi.

Mchana wa siku iliyofuata Margareta alishikwa na usingizi akiwa amekaa, kichwa kimeegemea ukuta. Filomena alipiga magoti mbele yake. Mafundo yalikuwa yamekaza kwa sababu ya maji, na ilimbidi atumie kucha, kisha meno. La pili lilipofunguka alimpokea Flaviana mikononi kabla hajateleza. Alimvua gauni la njano, akamvisha sketi na fulana kavu, akamchana mchanga nywelani kwa kitana. Fulana ililowa palepale.

"Tunavuka tena?" Flaviana alinong'ona.

"Utaenda na baba."

Mtoto alifikiri. "Safari hii sitalia," alisema.

Albano alimchukua kwa bodaboda mpaka Mbagala, kwenye mabasi ya kusini. Kondakta alimwekea mtoto mfuko wa plastiki kwenye kiti. Filomena alibaki mlangoni na lile gauni mkononi, akalikamua, akalianika. Margareta alipoamka alijipapasa mgongo, akatazama uani, akaliona gauni kwenye kamba. Alikwenda kulala, akageukia ukuta, na hakula mpaka kesho yake jioni, alipoinuka kumenya mihogo kwa sababu mteja alikuwa amebisha hodi.

Albano alirudi siku ya nne, peke yake. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kwenye basi lenye joto, lakini alikuwa amelowa hadi kifuani, suruali na shati. Margareta alizifua nguo hizo. Zilikaa kwenye kamba wiki mbili bila kukauka, mwishowe akazikata, zikawa matambara ya kudekia.

Jumatano foleni ilipangwa tena. Filomena alikaa kwenye kiti. Mauwa alikuwa anaumwa tumbo, hakuja, wala hakukuwa na haja. Filomena alisimulia tangu kijijini, na safari hii hata yule mama mwenye uji jikoni alimwacha aseme yote. "Mkono wake ukaniponyoka," alisema, akitazama spika, na maji yakatoka kwa kishindo hadi beseni likapinduka. Zilijaa ndoo, mapipa, masufuria, na simtanki ya msikiti. Watu walichota huku wakimwombea dua. Fundi viatu alimletea kandambili mpya, akaziweka karibu na miguu yake.

Bi Mwajabu aliingia ndani, akatoka na bahasha.

"Mie nikisema, nimesema," alisema, akampa kwa mikono miwili. "Nenda kasome, mwanangu. Chanika si mbali. Jumatano utakuwa unakuja, eh?"

"Nitakuja, Bi Mwajabu."

Barua ilisema familia hiyo ina watu watatu, wote wanajulikana, wote wana tabia njema. Mhuri ulikuwa mpya na ulisomeka vizuri.

Jumatatu Filomena alifika ofisini saa mbili kasoro. Aliyekuwa mbele yake alikosa nakala, akarudishwa, kwa hiyo zamu yake iliwahi. Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Aliisoma barua, akaiweka kando, akavuta fomu. Aliuliza jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Alipiga chafya, akaomba radhi.

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Sina," alisema Filomena.

Karani akaandika, akamgeuzia karatasi, akamsogezea kidau cha wino. Filomena aliweka kidole gumba palipooneshwa. Alama ilitoka nusu, imefifia, kwa sababu kidole kilikuwa na unyevu. Karani alimpa kipande cha tishu, akamwambia ajipanguse, abonyeze tena kwa nguvu.